Kutafsiri kwaheri ya John Donne kwa Kiswahili: bikari, dhahabu na mizani. Naomba msaada

BintiMsasani

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusomeana mashairi hapa Dar kinaandaa usiku wa mashairi ya kuagana. Sehemu yangu ni Waingereza wa karne ya 17, wale wanaoitwa washairi wa metafizikia. Nimechukua "A Valediction: Forbidding Mourning" la John Donne, beti 9 za mishororo minne minne. Nataka lisomwe kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza huku watu wakipiga miayo.

Rasimu ipo, ila haikai. Kiingereza chenyewe kina silabi 8 kila mshororo, nami nimeibana mishororo yangu kwenye mizani 8, nusu ya maana ikamwagika. Mwishoni nimeandika kwamba roho za wapendanao ni "miguu miwili ya dira", na aliyepitia rasimu ameniuliza dira ilianza lini kuwa na miguu. Sehemu ya dhahabu nayo inachekesha ikisomwa kwa sauti.

Maswali: nifuate tarbia (mishororo minne kila ubeti) yenye vina, au niache liwe guni, yaani lisilobanwa na vina? Na shairi gani la pili linafaa kwenda nalo, la Donne mwenyewe au la Andrew Marvell? Nina dakika 10 tu, maelezo yakiwemo.

Mlimani_Fasihi

Dada, aliyekuuliza kuhusu dira amekuokoa. Kiingereza kina neno moja kwa vitu viwili: kile cha nahodha kinachoonyesha kaskazini, na kile cha kwenye mkebe wa hisabati cha kuchorea duara. Cha Donne ni cha mkebe, bikari. Ukiandika dira, beti tatu za mwisho zimekufa zote, kwa sababu hoja yake nzima imesimama juu ya mguu mmoja uliochomekwa na mwingine unaozunguka.

Ila kabla hujagusa neno jingine, shika mwendo wa hoja. Hili si shairi la kulia, ni shairi la kubembeleza kwa hoja. Msemaji anasafiri, mwenzake yuko karibu kulia, naye anamletea sababu moja baada ya nyingine za kutolia. Ubeti wa 1 na wa 2 ni sentensi moja, usizikate: kama watu wema wanavyokata roho kimya, mpaka waliozunguka kitanda wanabishana pumzi imekwisha au bado, basi na sisi tuachane vivyo hivyo, bila mafuriko ya machozi wala tufani za kuhema. Ile picha ya stendi ya Mbezi saa kumi na moja alfajiri, mtu ananing'inia dirishani mwa basi na vilio nje, ndiyo anayoikataa.

Ubeti wa 3 unaanza na tetemeko. Hapa msikilizaji wa Tanzania hahitaji maelezo. Lilipotokea la Kagera Septemba 2016 watu walihesabu nyumba zilizoanguka na kuulizana lina maana gani, na ndivyo hasa anavyosema Donne: watu hupima madhara na maana. Kisha anageuza. Mbingu nazo hutikisika, tena kwa mtikisiko mkubwa kuliko wa ardhi, na hakuna anayeumia. Anatumia elimu ya nyota ya zama za Ptolemy: dunia katikati, matufe ya mbingu yakiizunguka, moja nje ya jingine. Mpe msikilizaji sentensi moja tu juu ya hilo, usimfanyie somo.

Beti ya 4 na ya 5 zinahitaji uangalifu zaidi. Anaposema wapendanao wengine ni wa "chini ya mwezi", hatukani tu. Katika elimu ile, kila kilicho chini ya mwezi hubadilika na kuoza, na kilicho juu yake hakibadiliki. Penzi lao ni la macho, midomo na mikono, kwa hiyo mwili ukiondoka penzi limeondoka nao. Letu, asema, limesafishwa. Neno hilo "limesafishwa" lisikupotee, kwani ndilo linalofungua mlango wa dhahabu kwenye ubeti wa 6. Roho zetu ni moja, kwa hiyo safari haiikati bali inaitandaza, kama dhahabu inayofuliwa mpaka inakuwa nyembamba kama hewa.

Na hapo ndipo penye tundu. Dhahabu ikitandazwa inazidi kuwa nyembamba, na mwenzake anaweza kumjibu: basi na penzi letu litakuwa jembamba. Tena dhahabu iliyofuliwa haijirudishi yenyewe. Ndiyo maana ubeti wa 7 unaanza na "kama ni mbili". Ameshasema roho ni moja, sasa anakubali kwa ajili ya mabishano kwamba huenda ni mbili, ndipo anachomoa bikari. Hiyo "kama" ukiitupa kwa ajili ya kina, umetupa shairi. Kina kibovu kinasameheka.

Maneno ya kuchunga: "laity" usiandike "watu wa kawaida", neno lipo na kila parokia inalijua, ni walei. Donne alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, na hapa analifanya penzi lao kuwa kama daraja takatifu ambalo kulianika mbele ya walei ni kulinajisi. "Innocent" ya mbingu si "isiyo na hatia", ni "isiyodhuru". "Sense" ya wale wa chini ya mwezi si akili, ni milango ya fahamu. Na kwenye mshororo wa pili kutoka mwisho, "just" si haki. Duara halina kesi mahakamani. Ni duara kamili, lililofunga.

MzeeMloto

Mwalimu hapo juu kamaliza hoja, mimi niseme mizani.

Kosa ni kudhani silabi 8 za Kiingereza zinalingana na mizani 8 zetu. Maneno yao mengi ni ya silabi moja. Mshororo wa silabi 8 wa Donne mara nyingi unabeba maneno sita au saba. Mizani 8 za Kiswahili zinabeba matatu au manne, kwa sababu kitenzi chetu kimoja tu chaweza kula mizani 5. Kwa hiyo mshororo mmoja wa Donne uupe mshororo wako mzima wa mizani 16, ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8. Ubeti wake unakuwa ubeti wako wa tarbia. Beti 9 ni mizani 576. Ukisoma taratibu, na kupumzika penye vituo, ni kama dakika nne. Unabaki na muda wa kutosha.

Vina vyake vinapishana, mshororo wa 1 na wa 3, wa 2 na wa 4. Usihangaike kuviiga, sikio la Mswahili litavisikia kama kosa. Fuata kina cha kati na cha mwisho, ubadilishe kila ubeti. Na usitie kibwagizo! Kinavutia, najua, hasa kwa kusoma mbele ya watu, lakini kibwagizo hurudisha mtu palepale, na hili ni shairi linalosonga mbele.

Kuhusu guni: inaruhusiwa. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare alifuata mtiririko usio na vina kwa sababu asili yenyewe haikuwa na vina. Donne ana vina, tena vya kubana, na raha yake nusu ni kumsikia mtu anabishana huku amefungwa kamba. Ukimfungua, anakuwa mhadhiri.

Ubeti wa 7 nimeujaribu hivi:

*Zikiwa ni roho mbili, ni miguu ya bikari,*
*Wako hauendi mbali, umesimama tayari,*
*Ukizunguka wa pili, nao wageuka siri,*
*Wainama kwa akili, kusikiliza safari.*

Mshororo wa 4 nimeukopa kwenye ubeti wa 8, ambako mguu wa katikati huinama na kutega sikio kuufuata ule ulio mbali. Ukitaka usikope, jaza upya.

Sonara_wa_Maneno

Mzee, shikamoo. "Nao wageuka siri" ni safi sana, maana Donne anasema mguu ule hauonyeshi kwamba unatembea lakini unatembea. Bikari ndivyo ilivyo, sindano inajizungusha mahali pamoja na jicho halioni. Ila "kwa akili" ni kijazio, umekitia mizani itimie. Bikari haiinami kwa akili, huinama kwa kadiri ulivyoifungua. Weka "Wainama kwa umbali", mizani 8 zilezile, na fizikia imekaa. Tatizo litakalozaliwa ni kwamba "mbali" tayari iko mshororo wa 2, kwa hiyo huo wa 2 uwe "Wako ndio wa asili, umesimama tayari".

BintiMsasani, dhahabu inachekesha kwa sababu ya kitenzi. Kufua ndiyo kauli sahihi kwa dhahabu na chuma, lakini mjini hapa mtu akisikia "twafuliwa" anaona beseni na kamba ya nguo. Usikikimbie kitenzi, tanguliza chombo. Msikilizaji akishasikia nyundo au sonara, beseni linaondoka kichwani. Kipande cha "dhahabu chini ya nyundo" kina mizani 8 kamili, kiweke ukwapi wa mshororo wa 4 wa ubeti wa 6.

Na "wembamba wa hewa" si chumvi kubwa kama inavyosikika. Gramu 1 ya dhahabu ikifuliwa hutanda karibu mita 1 ya mraba. Ukiishika juani, mwanga unapenya na kuonekana wa kijani. Ukiwa na sekunde kumi za kusema kitu kabla ya ubeti huo, sema hicho.

BintiMsasani

Asanteni sana, nimepata pa kushika. Shikamoo Mzee Mloto. Mawili yamebaki. Utangulizi wangu unasema "Donne alimwandikia mkewe Anne mwaka 1611 alipokwenda Ufaransa". Ni sawa? Na lile la shairi la pili bado.

Mlimani_Fasihi

Futa sentensi hiyo au iandike upya. Anayesema hivyo ni Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Donne. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1640, na kisa cha shairi hili kikaingizwa kwenye toleo la 1675, miaka 44 baada ya Donne kufariki. Safari yenyewe ni ya kweli, alikwenda Ufaransa na mfadhili wake, Sir Robert Drury, na ndoa ya siri ya Desemba 1601 iliyomfukuzisha kazi na kumtia jela kwa muda ni ya kweli pia. Lakini shairi halina tarehe, halina jina la mtu, na mashairi yake mengi yalichapishwa mwaka 1633 akiwa ameshazikwa. Andika "Walton anasimulia kwamba" na mtu hatakushika. Kuna faida nyingine: Kiswahili hakina "he" na "she", na shairi nalo halitaji jinsia ya anayeondoka. Tafsiri yako inaweza kulinda hilo bila jasho, mradi utangulizi usiliharibu.

Shairi la pili: usichukue Marvell kwa kuwa "nalo ni la kuagana". "The Definition of Love" si la kuagana hata kidogo, kwa sababu wale hawajawahi kukutana. Anasema penzi lake lilizaliwa na Kukata Tamaa juu ya Kutowezekana. Majaliwa yanapigilia kabari za chuma katikati yao na kuwaweka kama ncha mbili za dunia. Ili waungane, dunia ibanwe iwe bapa kama ramani. Kisha inakuja jiometri: mapenzi ya mshazari hukutana kwenye kila kona, lakini yao ni mistari sambamba, kamili kabisa, na ndiyo maana hata ikirefushwa bila mwisho haikutani. Ni mkebe uleule wa hisabati, ila Donne kachukua bikari na Marvell kachukua rula. Ukiyaweka pamoja yanapendeza kwa sababu hiyo, lakini lina beti 8 na kila ubeti una kitu cha kueleza, hasa ile sehemu ya mwisho ya unajimu, akili zikikutana na nyota zikipingana. Kwa dakika 10, hapana.

Ningekushauri "A Valediction: of Weeping" la Donne huyohuyo. Beti 3 tu za mishororo tisa tisa, nalo linafanya kinyume chake. Hapa msemaji ndiye anayeomba alie, mbele ya uso wa mpenzi, akiwa bado yuko ufukweni. Kwa sababu uso huo unaakisiwa ndani ya kila chozi, chozi limepigwa mhuri wake kama sarafu na limepata thamani. Likidondoka, picha nayo inadondoka. Watu wengi husoma la kwanza peke yake na kutangaza kwamba Donne anadharau machozi. Yasome mawili, utaona hana msimamo wa machozi. Ana hoja ya kila safari.

Ubeti wa 2 una fundi mwenye mpira mtupu anayebandika ramani juu yake, Ulaya, Afrika na Asia, na kitu kilichokuwa si kitu kinakuwa kila kitu. (Afrika imetajwa, Amerika haimo kwenye orodha yake. Wasikilizaji watapenda.) Ubeti wa 3 ndio wa kwenu wa Msasani: mpenzi ni zaidi ya mwezi, na anaombwa asivute bahari juu ikamzamisha msafiri. Tafsiri mwezi na maji kwa lugha ya wavuvi. Usiandike "mawimbi makubwa", andika bamvu. Dar maji ya bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kila anayevuka Kigamboni anajua mwezi ndio unaoyavuta. Hapa neno moja linatosha.

Halafu mwisho wake usiulainishe. Anasema kwa kuwa kila mmoja anapumua pumzi ya mwenzake, anayehema zaidi ndiye mkatili zaidi, anaharakisha kifo cha mwenzake.

VinaNaMizani

Nimechelewa, niongeze la jukwaani tu. Beba bikari, usieleze kwa maneno. Si ile ndogo ya mkebe, haionekani nyuma. Tafuta ile ya mbao ya ubaoni, na chaki.

Kagua kiungo kwanza. Donne anasema bikari "ngumu", na ugumu huo ndio siri: kiungo kikiwa kimekaza, mguu mmoja haujongei bila wa pili kujua. Kikilegea, mguu wa chaki unafunguka kidogo kidogo njiani, na ukifika ulipoanzia mstari haukutani na mwanzo wake. Duara halifungi, na mshororo wa mwisho umeukanusha mwenyewe mbele ya watu. Kaza skrubu kabla. Mguu wa katikati ukiwa na mpira uliochakaa nao utateleza, weka kidole.

Onyesha miendo miwili, kwa sababu Donne kaichanganya na watu hubishana hapo. Mmoja ni kufungua na kufunga. Ukiifungua mpaka nafasi kati ya ncha ilingane na urefu wa mguu, kila mguu umeinama nyuzi 30. Ukiifunga, yote miwili inasimama wima. Huo ndio mguu "unaorudi nyumbani". Mwendo wa pili ni kuzunguka, unaoishia pale ulipoanzia, lakini hapo ni juu ya duara, si katikati, si nyumbani. Shairi linataka yote mawili kwa pamoja. Fungua, zungusha, funga, kwa mpangilio huo, na hakuna atakayeuliza.

Ukimaliza kuchora, ubaoni kuna duara lenye nukta katikati. Kwa wanaalkemia hiyo ni alama ya dhahabu. Ubeti wa 6 umerudi bila kuitwa.

Halafu, "kusimama wima" msafiri anaporudi nyumbani: ndiyo, kwa Kiingereza maana ile nyingine imo, na wahakiki wameisema zamani. Kwa Kiswahili imo pia, tena waziwazi. Soma kwa uso mkavu, usitabasamu, na uendelee na mshororo unaofuata. Ukitabasamu umepoteza ukumbi.

Sonara_wa_Maneno

Na kama kuna mtu atasema bikari si kitu cha kimapenzi, mwambie mhakiki Mwingereza Samuel Johnson alishalalamika mwaka 1779. Alitaja mfano huuhuu na kusema haijulikani kama upuuzi ndio unaoshinda au ubunifu. Alisema pia washairi hawa hufunga nira moja vitu visivyofanana, kwa nguvu. Mimi naona nira imekaa vizuri.

BintiMsasani

Nimechukua la machozi. Jina la hili la kwanza nimeandika "Kwaheri ya Kukataza Maombolezo". Linasikika kama tangazo la serikali ya mtaa.

MzeeMloto

Marahaba wanangu. "Kukataza" ndiyo inayoleta serikali ya mtaa. Andika "Buriani Bila Kilio". Wengine watakwambia buriani ni ya msiba, kwaheri ni ya kuonana tena, na msemaji huyu anarudi. Ni kweli anarudi, lakini mshororo wake wa kwanza unaanzia kitandani kwa mtu anayekata roho, kwa hiyo harufu ya msiba ameileta yeye mwenyewe. Tena buriani ina ile maana ya kutakana radhi kabla ya kutengana, na safari ya baharini ya wakati ule haikuwa ya kwenda na kurudi Zanzibar kwa boti ya saa mbili. Kwaheri iweke kwenye lile la machozi.

Na nimekubali "kwa umbali". Mshororo wa 2 nao nimeubadili kama ulivyosema Sonara. Ila "tayari" bado inaniwasha, nilitaka "imara" na kina kimenikatalia. Mwenye neno la kuishia na -ri lenye maana ya kutotikisika alilete kabla ya siku yenyewe.